Mama Pole wa Chini ya Ngazi

Jengo la halmashauri lilikuwa na ngazi moja tu ya kwendea ghorofani, na pale ilipoanzia palikuwa na meza. Nyuma ya meza aliketi mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kamba isianguke, na mbele yake kiti kimoja cha mgeni. Juu ndiko walikokuwa wenye maamuzi: mkono wa kulia Elimu, mkono wa kushoto Ustawi wa Jamii, na katikati ukumbi wa madiwani wenye viti vya kuzunguka. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwenye lalamiko anafika mezani, anaeleza shida yake, na yule mama anamwelekeza mlango wa kugonga huko juu. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuelekeza, na kusema kweli ulikuwa umepita muda mrefu sana bila kumwelekeza mtu.

Si kwamba aliwazuia. Ngazi ilikuwa wazi, haina kamba wala askari. Watu wenyewe ndio waliokuwa hawapandi, maana wakishakaa kwenye kile kiti na kupewa pole, hawakubakiwa na cha kupandia.

Pole za kawaida zimejaa mitaani. Hata aliyekukanyaga atakupa moja huku anaendelea na safari yake. Ya huyu mama ilikuwa ya aina yake. Kwanza alivua miwani, ili ujue hakuna kingine anachotaka kukitazama. Kisha alinyamaza mpaka umwage yote, na ukishamaliza hakukuuliza chochote kuhusu shida yenyewe. Alikuuliza, "Na wewe mwenyewe, unalala?" Hapo ndipo mtu aliyekuja amekunja ngumi alipojikuta anasimulia habari za mgongo wake, za mkwewe, za paa linalovuja. Mwisho ule mkono mnene ulitua juu ya mkono wako, na pole ikatoka, ndefu, ya kuvutwa, ikakuingia mpaka kwenye mifupa. Ndiyo sababu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Mama Pole, basi.

Ufundi huo aliupata wodini, alikokuwa mhudumu kabla ya kuhamishiwa halmashauri. Huko dawa zilizoea kuisha mapema, na pole ndiyo iliyobaki rafuni.

Fundi viatu, kwa mfano, alifika siku moja mishipa ya shingo imemsimama. Mwanawe alikuwa darasa la tatu na bado anaandikia sakafuni, na kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa safu nzima, hivi kwamba anayekaa mwisho wa safu alikuwa anasikia hadithi kama umbea. Fundi aliapa kwamba siku hiyo patachimbika. Alipoinuka kwenye kile kiti alikuwa ameahidi kumshonea Mama Pole kiatu bure. Mzee wa saa naye, aliyetengeneza saa kwenye kibanda kando ya posta, alikuja kuuliza alikopotelea mhudumu wa Ustawi aliyekuwa anakuja kumsaidia kumgeuza na kumwogesha mkewe aliyelala kitandani. Aliondoka anajifuta macho na kusema angalau kuna mtu amemsikiliza.

Tusimwonee mama wa watu. Hakuwa akiwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Halmashauri iliuma, naye alipuliza, na aliamini kupuliza ni nusu ya dawa. Kila alipomtuliza mtu alimalizia kwa kusema, "Huko juu wanajua, wanalishughulikia," na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusadiki. Kwa akili yake, watu waliosoma vile, waliokaa juu vile, wangekosaje kujua yanayotokea chini? Hakuwahi kupanda kuwauliza. Magoti yake na ngazi havikuwa na maelewano.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kike, ambaye alikuwa fundi pancha. Usicheke, alikuwa fundi hasa. Karakana yake ilikuwa barazani: pampu ya mguu, karai la maji la kutafutia tundu, gundi, viraka, na baiskeli za watu zimepinduliwa miguu juu. Wanaume waliokuja mara ya kwanza na kuuliza "fundi yuko wapi?" walijibiwa, "Unamwona, au miwani nayo ina pancha?" Fundi huyu alikuwa na binti mmoja, na binti huyo mtaa mzima ulimwita Redio. Miguu yake haikumbeba tangu kuzaliwa, lakini mdomo ulipewa kazi ya viungo vyote. Akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu pale barazani alitangaza kila kilichopita barabarani, nani ana kofia mpya, nani amenuniana na mkewe, na hakuna aliyeweza kumzima.

Redio alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma vizuri, tena. Shule yenye milango mipana na mwalimu wa watoto kama yeye ilikuwa moja tu, upande wa pili wa kilima, na gari la halmashauri ndilo lililowapeleka na kuwarudisha. Kisha asubuhi moja gari halikuja. Siku ya pili halikuja. Wakaambiwa lina pancha. Fundi alipopata habari hiyo alibeba pampu na viraka vyake mpaka uwanja wa magari wa halmashauri, akalikuta gari limesimama kivulini na matairi mazuri kuliko yote aliyowahi kuyashika.

Basi akaenda kulalamika. Alipanga foleni kama raia mwingine yeyote, mikono ina grisi, na alipofika mbele akakaa kwenye kile kiti akitazamana na dada yake. Mama Pole akavua miwani. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha, kwa mazoea ya kazi, akauliza, "Na wewe mwenyewe, unalala?" Aliuliza hivyo ilhali walilala chumba kimoja, na mkoromo wake mwenyewe ndio uliomwamsha mdogo wake asubuhi ile.

La ajabu ni kwamba dawa ilifanya kazi. Fundi akalia, akapumua, akaeleza jinsi kiuno kinavyomuuma kwa kumwinua mtoto. Akapewa pole yake, ndefu, kamili. Akaenda zake mwepesi, akiimba kidogo, na alikuwa ameshafika barazani na kushika tairi la mteja ndipo akakumbuka kwamba alikwenda kuulizia gari.

"Dada," alisema jioni ile, "lile gari."

"Wanajua, mdogo wangu. Wanalishughulikia."

Kwa kuwa aliyesema ni dada mtu, na dada mtu anafanya kazi mle mle ndani, fundi akaamini. Wiki zikapita. Redio akaendelea kutangaza barabara, ila sasa alitangaza asubuhi pia, saa ambazo zamani hakuwapo. Likizo ikaja, ikakaribia kwisha. Mwalimu wake, alipokuwa anapita kununua kitu dukani, akasimama barazani na kusema kwa upole kwamba muhula ukifunguliwa Redio hayupo, nafasi yake itabidi apewe mtoto mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Fundi akamtazama dada yake. Dada mtu akatazama karai la maji.

Siku iliyofuata Mkurugenzi alishuka ngazi. Watu wa foleni walimpisha wakidhani kuna moto, kwa sababu haikuwa kawaida yake kushuka kabla ya saa ya kuondoka. Kwapani alibeba mto mpya wa kiti, bado umo kwenye nailoni.

"Mama, huu ni wako," alisema. "Zawadi kutoka kwetu sote wa juu."

"Asante sana, bosi. Kuna nini tena?"

"Kuna amani. Nimefanya kazi halmashauri nyingi, sijawahi kuona utulivu kama huu. Kutwa nzima nasikia feni tu. Watu wameridhika, mama, na tunajua ni juhudi zako." Akajisogeza karibu kama mtu anayetoa siri njema. "Mpaka tumeweza kupunguza mambo. Lile gari la watoto, kwa mfano, lilikuwa limesimama bure na hakuna aliyeliulizia. Alhamisi madiwani wanapitisha libebe viti na meza za mikutano."

Mama Pole alihisi mto ule umekuwa mzito mapajani. "Bosi, lakini wapo wanaoliulizia."

"Wako wapi? Hajapanda mtu."

"Lakini nyinyi huko juu mnajua."

Mkurugenzi akamshangaa. Hakuwa mtu mbaya, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Tutajuaje, mama?" akauliza, na kupanda zake.

Aliyefikiwa na zamu ya kukaa kwenye kiti cha mgeni alimkuta Mama Pole akivaa miwani na kuvua na kuvaa tena. Aliumia, na hakukuwa na jina jingine la hali ile. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa kizibo. Shida za watu zilifika kwake zikakomea hapo, na yeye akadhani anawasaidia.

Alirudi nyumbani akamweleza mdogo wake yote, hakuficha. Fundi alisikiliza huku mikono imo ndani ya karai. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Dada, mimi nikiziba tairi, kwanza natoa mwiba," alisema. "Wewe unabandika kiraka na mwiba umo ndani. Mtu anakwenda hatua mbili tatu, anashukuru, halafu anakaa chini barabarani."

"Mdogo wangu, sikujua."

"Mimi nilikuja kwako kama mama wa mtoto. Ukanipa pole kama mteja."

Redio aliipa barabara mgongo, jambo ambalo halikuwahi kutokea jua likiwa bado linawaka. Kisha akauliza, "Mama mkubwa, kwa hiyo huko juu hawajui kama mimi nipo?"

Machozi yakamtoka Mama Pole. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapo barazani, mbele ya baiskeli zilizopinduliwa, ikawa hivyo.

Kesho yake aliomba ruhusa, akafunga kiatu chake kilichoshonwa bure, akaingia mitaani. Kama yeye ndiye aliyewapoza, yeye ndiye atakayewachemsha. Alianza na fundi viatu.

"Mwanao bado anaandikia sakafuni?"

"Bado, Mama Pole. Lakini tumezoea. Ulivyonipa pole siku ile, mpaka leo nikiikumbuka hasira inashuka yenyewe."

"Usiishushe. Hiyo hasira naihitaji. Kesho njoo upande juu ukawaambie."

"Mama, mbona leo una jazba?" Fundi viatu akaweka nyundo chini na kumvutia kigoda. "Kaa kidogo. Na wewe mwenyewe, unalala?"

Alipofika kwa Mzee wa saa mambo yakawa yale yale. Mke bado hajageuzwa vizuri, mhudumu bado hajarudi, na mzee mwenyewe mgongo umeanza kukataa. Mama Pole alijaribu kumtia moto. Alimwambia haki yake imeliwa mchana kweupe, akamwambia mwanamume mzima hakubali hivyo. Mzee akaondoa kioo chake cha kukuzia jichoni, akamshika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Wanajua. Wanalishughulikia." Mama Pole alitamani kuuma meza.

Kote alikopita akapewa pole. Wengine walimpa na maji ya kunywa. Aliufundisha mtaa mzima kazi yake bila kujua, na wanafunzi walikuwa wamefaulu. Jioni alirudi ametulizwa na kila aliyemwendea, na magoti yote mawili yanamuuma kwa kutembea.

Alhamisi akakaa kwenye meza yake kama kawaida, mto mpya ameuweka chini. Juu, madiwani walikuwa wanaingia ukumbini mmoja mmoja, na milango ikaachwa wazi kwa sababu ya joto. Hakuwa na mpango wowote. Mtu asikudanganye kwamba alikuwa nao. Alikuwa amekaukiwa tu. Mama wa kwanza alipokaa kwenye kiti na kuanza kueleza habari za mwanawe aliyefukuzwa darasani kwa kukosa sare, akafika mwisho na kusubiri, Mama Pole hakuvua miwani.

"Panda juu," alisema. "Mlango wa kulia."

Yule mama akabaki ameutanguliza mkono mezani, pale ulipozoea kushikwa. "Na pole yangu?"

"Leo sina."

"Huna vipi? Si ni ya mdomo tu?"

"Sina, mama. Panda."

Foleni ikasikia. Minong'ono ikaanza. Mtu wa pili naye akaambiwa apande, na wa tatu. Watu waliovumilia madarasa bila madawati na wazee bila wahudumu waliona hili haliwezekani. Kunyimwa dawati ni jambo moja, lakini kunyimwa pole ni dharau. Mzee wa saa, aliyekuja asubuhi ile makusudi kumjulia hali baada ya kumwona vile, aliinama mezani na kumwuliza taratibu kama anaumwa.

"Mzee wangu, siumwi. Panda mlango wa kushoto."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mzee akanyooka. Akaitazama ngazi. "Napanda," alisema, "na nitawaambia jinsi ulivyo."

Wote wakapanda. Walipanda kwa kishindo, wengine wakisukumana, kwenda kumshitaki Mama Pole. Mkurugenzi alitoka ofisini akakuta ushoroba umejaa, na kila mdomo unasema kwamba yule mama wa chini amekuwa na kiburi.

"Taratibu, taratibu. Amekufanyia nini?" alimwuliza Mzee wa saa.

"Amenijibu vibaya."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu leo. Nilishamwambia zamani kwamba mke wangu ana vidonda vya mgongoni kwa kukosa wa kumgeuza. Huyo mhudumu wenu ameacha kuja, na mimi peke yangu simwezi!"

Mkurugenzi akageukia mlango wa Ustawi. "Hilo mbona sikuambiwa?"

"Na mimi nashangaa," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alishangaa kweli.

Ikawa hivyo kwa kila mmoja. Alianza na kiburi cha Mama Pole, akaulizwa alimwendea kwa lipi, na lile la zamani likatoka na mizizi yake. Fundi viatu, aliyefuata mkumbo kutoka sokoni, alipofika kwenye habari ya sakafu mishipa ya shingo ilimrudia mahali pake. Madiwani waligeuza viti vyao vikatazama mlangoni. Mwenyekiti wa baraza, aliyekuwa amefika kwenye kifungu cha gari la viti na meza, alisimama katikati ya neno.

Hapo ndipo fundi pancha alipofika chini akimsukuma Redio. Hakuja kwa sababu ya dada yake. Alikuja kwa sababu muhula unafunguliwa Jumatatu. Akaitazama ngazi, akamtazama dada yake. Mama Pole aliinuka, akashika gurudumu moja, na watu waliokuwa ndio kwanza wanafika wakashika yaliyobaki. Kiti kikapanda na Redio juu yake, akitangaza kila ngazi, akiwaonya walio nyuma wasimpindue. Mama Pole alipanda akiwa amekamatia gurudumu lake, magoti yanalia, na hakuliachia.

"Mama," Mwenyekiti alimwambia alipomwona, "watu wote hawa wamekulalamikia. Unasemaje?"

"Ni kweli, mheshimiwa, nimewakosea," alisema akitafuta pumzi. "Waandikwe wote. Na kila mmoja yaandikwe aliyonijia nayo, nami nikayamaliza kwa maneno. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu. Gari lake ndilo mnalotaka libebe viti."

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Akashuka kwenye jukwaa, akamwinamia Redio, akamwekea mkono begani, na macho yake yalikuwa na huruma ya haki kabisa. "Pole sana, mwanangu," alisema.

"Asante," alijibu Redio. "Na gari?"

Kuna watu walitaka kucheka wakaona aibu. Mwenyekiti alibaki ameinama pale, mkono begani mwa mtoto, akitafuta la kuongeza. Halikuwapo. Kile kifungu cha gari hakikupitishwa siku ile.

Tusidanganyane kwamba mambo yote yalinyooka. Mwanawe fundi viatu alipata dawati muhula ulipofika katikati, likiwa na mguu mmoja mfupi. Mhudumu wa Ustawi alirudi kwa Mzee wa saa, akatoweka tena, na mzee akajifunza kupanda ngazi bila kuambiwa. Mama Pole alipewa karipio lake na kurudishwa mezani. Fundi pancha alimwandalia chai kama zamani, ila kwa wiki nzima aliisogeza kwake bila kumtazama.

Lakini Jumatatu gari lilikuja. Lilikuja limechelewa, linatoa moshi, dereva anashuka mbio kufungua ubao wa nyuma na kusema njia ilikuwa na foleni. Redio alikuwa barazani tangu alfajiri, amevaa sare, mkoba mapajani.

"Foleni tangu muhula uliopita?" aliuliza. "Mlikuwa wapi?"

Dereva akacheka kidogo, kisha akaona mtoto hacheki. Akamgeukia Mama Pole aliyekuwa amesimama mlangoni tayari kwenda kazini, kama watu wote walivyomgeukia pakitokea jambo la kutuliza. Neno lilimfika Mama Pole mdomoni. Akalimeza.

"Mimi sikuulizwa," alisema. "Mjibu mtoto."